Tupeane uzoefu: gesi ya AC ya gari lako la zamani ilikuwa inavujia wapi, na mliipataje?

Dereva wa Embakasi
Wadau, Januari imeingia na jua halina huruma. Foleni ya Mombasa Road kutoka Cabanas mpaka Nyayo, ukifungua dirisha unameza moshi wa malori, ukilifunga unaiva. Wengi wetu tuna magari yenye miaka 15 na zaidi, na kila tukienda gereji jibu ni lilelile: gesi imeisha, tujaze. Lakini gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hiyo ikipungua kuna mahali imetokea. Tuseme kila mtu yake ilitokea wapi.

Naanza mimi. Corolla ya 1999, inayotumia gesi ya R134a. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ilikuwa inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache, upepo vuguvugu. Chini ya boneti, pale paipu ya alumini inapoingia kwenye kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele), palikuwa na doa jeusi la mafuta lililokamata vumbi, na paipu yote iliyobaki ni kavu. Gesi hutembea na oili ya kompresa, basi panapovuja oili hubaki. Nikapaka sabuni ya vyombo nzito kwa brashi. Viputo vidogo sana vikaanza kujipanga pembeni ya nati, kimoja baada ya kingine. Oringi, ule mpira wa duara wa kuziba kiungo, ilikuwa imekakamaa na kupasuka. Mpya iwe ya AC, msikubali ile ya mabomba ya maji.

Mama Wawili, Rongai
Asante kwa kufungua hili. Langu lilisumbua kwa sababu sabuni haikuonyesha kitu popote, na gereji moja ikawa tayari kuniuzia kompresa. Fundi mwingine aliniambia, "Mama, tusinunue chochote kabla hatujaiona." Akazima feni, akaacha gari litulie, kisha akasogeza kile kifaa cha kunusa gesi kwenye mpira unaodondosha maji chini ya gari. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja ndani huteremka na kutokea hapo. Kifaa kikalia. Akakiondoa, kikanyamaza. Akakirudisha, kikalia tena. Ni evaporeta, kile kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi. Kung'oa dashibodi ni kazi ndefu na ndiyo inayokula pesa, kwa hiyo hakikisheni uthibitisho unarudiwa mbele yenu kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa.

Fundi wa Kariobangi
Niongeze upande wetu mafundi, maana hapa kuna jambo linalowagombanisha wateja na sisi bila sababu. Watu wanasoma kwamba pampu ya vakuumu, inayonyonya hewa yote kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi, lazima ivute mpaka geji ifike inchi 29 za zebaki. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,795 juu, hewa yetu ni nyepesi, na sindano huishia kwenye 24 au juu yake kidogo. Mteja wangu mmoja alisimama na simu mkononi akisisitiza kwamba kuna tundu. Nikafunga vali, tukaitazama ile sindano pamoja, haikusogea. Mombasa pampu ileile ingefika 29.

Lakini hata sindano ikitulia, mimi simalizii hapo. Vakuumu hujaribu mfumo kwa presha ya psi 12 hivi tu, tena ikisukuma kutoka nje kuingia ndani. Gari likitembea, upande wa presha kubwa hupita psi 200, ikisukuma kutoka ndani kwenda nje. Oringi inayoziba kwenye vakuumu inaweza kuachia kwenye presha. Kwa hiyo naingiza nitrojeni kavu mpaka psi 150, nafunga, natia alama kwenye geji, kisha naanza kupaka sabuni.

Na hili nawasihi: mtu asitumie oksijeni ya mtungi wa kuchomelea kwa kuwa iko karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kulipuka. Ukiona mtungi huo unaburutwa kuelekea gari lako, mzuie.

Mzee wa Donholm
Gari langu ni la 1988, la gesi ya zamani ya R12, likabadilishwa kuwa R134a. Hakukuwa na tundu. Mipira ya zamani haina utando wa ndani wa kuzuia gesi hii, ilikuwa inapenya polepole kwenye raba yenyewe. Tulibadilisha mipira yote.

Mwalimu, Kasarani
Kwangu ni sili (kizibo) ya mbele ya kompresa, nyuma ya klachi yake. Tulitia rangi ya UV, inayong'aa ikimulikwa na taa maalumu, nikaendesha gari kwa muda, kisha usiku fundi akamulika: mstari wa kijani kibichi umerushwa kwenye boneti usawa wa klachi kabisa. Aliniuliza kama Juni mpaka Agosti huwa nawasha AC. Nani anawasha na baridi ile? Kumbe oili isipozunguka sili hukauka. Sasa hata Julai naiwasha, na kioo hakiingii ukungu asubuhi.

Kijana wa Pipeline
Swali kwa fundi. Gari limezimwa, limepoa, geji inasoma psi 80. Si ina maana gesi imejaa?

Fundi wa Kariobangi
Hapana, ndugu yangu. Mchana wa nyuzi 25, R134a itasoma karibu 80 ilimradi kuna maji ya gesi ndani, yawe mengi au machache. Ni kama mtungi wa kupikia, presha ni ileile mpaka ukaribie kuisha, ndiyo maana tunaupima kwa uzito. Tazama kibandiko chini ya boneti, kimeandikwa gramu. Fundi mwenye mashine aitoe gesi yote, aipime, alinganishe. Halafu kabla hujatoka, paka sabuni kwenye zile vali mbili za kujazia. Vifuniko vyake mara nyingi vimepotea, na vali hizo huvuja sana.