Vidole viwili kwenye skrini: Android jamaa anakimbia hovyo, iPhone kidole cha pili hakisomwi

gumba_mbili:
Wakuu habari zenu. Natengeneza gemu, kidole gumba cha kushoto kinamwendesha mchezaji cha kulia kinafyatua. Kwenye Android iko poa mpaka niinue cha kushoto, hapo hapo cha kulia kinageuka ndo cha kushoto na mchezaji anachomoka upande mwingine. Kwenye iPhone ndo kabisaa, kidole cha pili ni kama hakipo. Naanzia wapi?

fundi_kodi:
Mkuu hiyo ya Android naijua, unashika indeksi badala ya ID. Indeksi ni nafasi kwenye foleni tu, wa mbele akitoka wa nyuma anasogea, ila ID haibadiliki tangu kidole kiguse mpaka kiinuke. Kwa hiyo ikija ACTION_DOWN (kidole cha kwanza kimegusa) au ACTION_POINTER_DOWN (kingine kimeongezeka) chukua getPointerId(getActionIndex()) uitunze, halafu kwenye ACTION_MOVE (vidole vinasogea) tafuta nafasi yake kwa findPointerIndex. Na kwenye MOVE usiulize getActionIndex maana itakurudishia 0 tu, tukio moja linabeba vidole vyote, pitia kimoja kimoja. Tumia pia getActionMasked, sio getAction, la sivyo hizo POINTER_DOWN utakuwa huzioni.

mama_pikseli:
Upande wa iPhone angalia isMultipleTouchEnabled, kwenye UIView (eneo la skrini linalopokea miguso) inakuja ikiwa false, yaani imezimwa, iwashe. Baada ya hapo ni raha, kila kidole kina UITouch yake (kitu cha kwenye kodi kinachobeba mguso huo) na ni kitu kile kile mpaka kiinuke, hakuna mambo ya indeksi. Ila usiihifadhi hiyo UITouch yenyewe, tunza utambulisho wake tu kwenye kamusi (dictionary) ya kodi yako, kikiisha ufute.

gumba_mbili:
Aisee zote mbili zimekubali, asanteni sana! Imebaki moja, kuna wakati bunduki inaendelea kufyatua yenyewe na hakuna kidole kwenye skrini.

fundi_kodi:
Hiyo ni kughairiwa. Mfumo ukichukua mguso, tuseme simu imeingia au ishara ya mfumo imetambuliwa, hupati UP (kidole kimeinuka), unapata ACTION_CANCEL, na iPhone ni touchesCancelled. Wengi wanaiacha tupu na ndo bagi inapozaliwa. Android ikija CANCEL achia vidole vyote, ishara nzima imekufa. Mi ningekushauri uweke tabaka lako katikati, gemu lijue mambo manne tu: kimeanza, kimesogea, kimeisha, kimeghairiwa, kila kidole na namba yake, na huko chini kila mfumo utafsiri wenyewe. Namba ifute kidole kikiisha, maana Android inazirudia ID zile zile kwa vidole vipya.

mama_pikseli:
Naunga mkono hilo tabaka. Ukija kuipeleka kwenye brauza utalishukuru, kule kuna pointerId, namba ya kila kidole, inaingia humo humo bila kugusa gemu, weka tu touch-action: none kwenye kanvasi (eneo gemu linapochorwa), la sivyo brauza inaona unaskroli, inakukatia na pointercancel mchezo ukiwa umekolea.