Mjadala: Modo na koti la kukaa mwilini, fundi ashone au akatae?

Fundi wa Majengo

Mbukwenyi wana Dodoma. Naweka hoja mezani. Kijana analeta mita tatu za kitambaa, anataka suti: suruali ya modo, yaani ya kubana mguu, yenye mdomo wa inchi 13 na koti la kukaa mwilini. Kabla futi haijafunguliwa, waliokaa kibarazani wameshamwita shoga. Siku hizi kuna mafundi wanaokataa kazi ya namna hiyo, na wapo wanaoipokea halafu wanaongeza inchi mbili bila kumwambia mwenye nguo, wakidai wanamsaidia. Wote wanakosea, na sababu yangu ni ya kifundi.

Paja likipimwa inchi 24, suruali ya kawaida hukatwa 27 hadi 28. Ya kukaa mwilini, kwa kitambaa kisichovutika, inaishia 26 au 25 na nusu. Ukishuka chini ya hapo umeharibu, usisingizie mtindo. Mifuko ya pembeni inafunguka kama masikio, mikunjo inatoka kwenye msamba kwenda mapajani, na mshono wa makalio unaachia mtu akipanda bodaboda. Ile aibu ambayo watu wanaiona mara nyingi inatoka hapo. Kimo cha nyuma, kuanzia msamba hadi kiunoni, kimekatwa kifupi, kwa hiyo kila mtu akitembea kitambaa kinavutwa kuingia ndani. Ongeza inchi moja kwenye kimo hicho, piga msamba mara mbili, acha inchi moja na nusu ya akiba kwenye mshono wa kati wa nyuma. Mguu utabaki mwembamba kama alivyoomba na hakuna atakayegeuka kuangalia.

Mzee wa Kikuyu, Dodoma

Fundi, habari ya inchi umeieleza vizuri, ila heshima umeikwepa. Mwanaume mzima anaingia msibani maungo yake yote yanahesabika. Sisemi kila mvaa modo ni shoga. Nasema nguo inazungumza, na kijana ajue inamsemea nini mbele ya wakwe zake. Tena huko Ulaya, wanaume wa tabia hiyo ndio walioanza kuvaa za kubana. Hilo nalo mtalikataa?

Msomaji wa historia, Area C

Shikamoo mzee. Hilo lina ukweli kidogo, ila lisemwe lote. London, 1954, Bill Green alifungua duka la Vince karibu na Carnaby Street, akauza suruali za kubana zenye kiuno cha chini. Wateja wake wa mwanzo wengi walikuwa wanaume wanaopenda wanaume, pamoja na watu wa majukwaani. Kwa hiyo kwa muda mfupi, kwenye mitaa michache ya mji mmoja, suruali ile ilikuwa na maana hiyo. Haikupita miaka mingi, mtaa ule ule ukawa unawavalisha vijana wa kila namna, na suruali ikabaki suruali. Kijana wa Nkuhungu anayenunua modo leo hana habari na duka lile, na maana iliyokufa London zaidi ya nusu karne iliyopita haiwezi kufufukia kwenye miguu yake.

Sasa tuangalie kwetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa Januari 1, 1969. Vimini, mawigi, mikorogo na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Shtaka lililotajwa wakati ule lilikuwa kuiga utamaduni wa kigeni. Baadaye zikaja bugaluu, pana kiasi cha kufagia barabara, nazo zikaitwa uhuni. Ukaja mlegezo, ile kata K, na hapo ndipo naomba mzee anisikilize kwa makini: mlegezo nao uliitwa ushoga. Habari ilisambaa nchi nzima kwamba magerezani Marekani mfungwa anayeshusha suruali anajitangaza. Ukweli ni kwamba wafungwa kule hunyimwa mikanda kwa sababu inaweza kutumika kujinyonga au kupigana, na wanapewa sare zisizowatosha. Maana ile ya kujitangaza ni uzushi.

Basi iliyobana ni ushoga, iliyolegea ni ushoga. Kipimo kinachotoa jibu lile lile kwa vitu viwili vilivyo kinyume hakijapima kitu.

Mshona kanzu, Uhindini

Niongeze dogo. Kanzu inafika kwenye kifundo cha mguu, ina darizi kifuani na shada shingoni. Ndani mtu kajifunga kikoi, hakina hata miguu miwili. Vazi hilo likitiwa koti juu na kofia, linaingia hadi bungeni na linaitwa la heshima. Na wazee wa Kigogo wa zamani walitoboa masikio wakayatanua kwa mapambo, wakasuka nywele, na walikuwa wafugaji na wapiganaji. Mgogo anayemwona kijana mwenye hereni akasema hiyo si ya mwanaume, amewasahau babu zake mwenyewe.

Mtumishi, Mtumba

Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Ofisi ina haki kamili ya kukataza nguo ya kubana, iwe ya mwanamke au mwanaume. Mkuu wa kitengo akisema suruali hii imebana, kesho vaa nyingine, hayo ni mavazi na yanaishia hapo. Akisema unavaa kama shoga, ameshatoka kwenye mavazi, anamtuhumu mtu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu kitendo. Haitaji kitambaa wala mdomo wa suruali. Kifungu cha 89 cha sheria hiyo hiyo ndicho kinachogusa lugha ya matusi inayoweza kuvuruga amani. Neno hilo hapa kwetu si la utani. Linaweza kumkosesha mtu chumba cha kupanga, kumvunjia uchumba, kumletea kipigo njiani. Anayelitoa kibarazani kwa sababu ya inchi mbili za kitambaa ajue anatupa nini.

Mwalimu wa ushonaji

Naunga mkono, na niwape mafundi vijana vitu vya kushika, maana nusu ya kejeli hizi inazaliwa mezani kwetu.

Suruali fupi inayoonyesha vifundo: watu wanadhani kijana kaagiza hivyo. Mara nyingi kitambaa kimeruka. Kadeti ya pamba tupu inaweza kupungua asilimia 3 kwenye fuo la kwanza. Kwa urefu wa inchi 42 hiyo ni inchi moja na robo, na paja nalo linapungua. Loweka kitambaa usiku, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukate. Kwenye upindo wa chini acha inchi mbili, usiache nusu.

Kitambaa chenye spandeksi ya asilimia 2 kinakubali kukatwa karibu sana na mwili, ziada ya inchi moja tu pajani inatosha. Lakini ukikishona kwa sindano ya kawaida na mshono uliokazwa, uzi unakatika wakati kitambaa bado kinavutika. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo, legeza uzi wa juu kidogo. Pasi iwe ya vuguvugu, kwa sababu moto mkali unaua mvutiko: magoti yanatoka vitambi na hayarudi.

Koti nalo: kifua cha inchi 38, koti la kawaida linatoka 42, la kukaa mwilini 40 na nusu hadi 41. Funga kifungo kimoja uangalie tumbo. Ukiona mikunjo imepishana kama herufi X, koti limebana. Fungua mishono ya pembeni, usiguse mabega, kwa sababu bega likishafungwa na pedi kulirekebisha ni kazi kubwa kuliko kushona upya. Urefu ufunike makalio. Fundi akikata koti fupi ili aokoe kitambaa, mvaaji ndiye anayesemwa.

Mzee wa Kikuyu

Hilo la gereza nimelisikia miaka mingi na nililiamini. Sawa, nimelipokea. Kwenye msiba msimamo wangu haujabadilika, suruali iwe na nafasi. Ila niulize: mteja ana paja la inchi 24 na anang'ang'ania 24 hiyo hiyo, kitambaa ni tetroni isiyovutika. Utamkatalia au utamshonea?

Fundi wa Majengo

Mzee, simkatalii na simdanganyi. Nakata 26, napiga bandi tu kwa uzi mrefu, sipitishi cherehani. Anavaa. Namwambia akae kwenye kigoda, achuchumae, anyanyue mguu kama anapanda bodaboda. Akisimama namfinya kitambaa pajani, nje na ndani: nikipata nusu inchi kila upande, hapo ndipo mwisho wa kupunguza. Naibana kwa pini ifike 24 anayoitaka, namwambia achuchumae tena. Kwa tetroni hataweza kufika chini, na hilo atalijua mwenyewe. Kisha namuuliza anachagua ipi, naandika inchi kwenye daftari mbele yake. Akisema 25 na nusu, nashona 25 na nusu, akiba naiacha ndani ya mshono, na bei haibadiliki.