Mnatuambia tupunguze TV, wakati TV yenyewe haitaki kuzimika!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Hivi nani aliamua kwamba mtu anayetaka kupunguza TV apate muda wa kutembea, kupika na kulala mapema, tatizo lake lote ni "kukosa nidhamu"? Kila ushauri wa afya wimbo ni huohuo: jizuie, jitume, kuwa na msimamo. Haya, msimamo ninao. Nielezeni basi kwa nini kila kilichopo mbele ya kochi kimetengenezwa kuuvunja.

Chukua hizi huduma za tamthilia za kulipia kwa mwezi. Episodi inaisha, hujafuta hata machozi, majina ya waigizaji yanabanwa kwenye kona na kiboksi kinaanza kuhesabu: tano, nne, tatu... Rimoti mtoto ameikalia, unapapasa weee, ukiipata nyingine ishaanza. Yaani kuendelea kutazama hakuhitaji hata kidole. Kuacha ndiko kunataka kusaka rimoti chini ya mito. Na msiniambie ni bahati mbaya. Mwaka 2017 Reed Hastings, akiwa mkuu wa Netflix, mojawapo ya huduma hizo, alisema hadharani kwamba wanashindana na usingizi. Usingizi! Halafu asubuhi macho mekundu, unahubiriwa kwamba mtu mzima alale angalau masaa saba.

Kitufe cha kuzima huo mchezo kipo, nimekikuta. Kwenye huduma ninayolipia mimi kimefukiwa ndani ya mipangilio ya akaunti, na kila mtumiaji wa nyumba azime cha kwake. Kuwasha hakukuwa na safari hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Gawa kwa siku saba: dakika 21 na ushee. Hiyo ni nusu ya episodi moja! Hakuna aliyeniomba niuze TV. Natafuta nusu episodi tu, na hiyo nusu ndiyo inayogombaniwa kufa na kupona.

Watu wa nyumbani nao! Nyanyuka uzime baada ya taarifa ya habari uone. "Acha bwana, ndiyo kwanza inaanza." Nani anaitazama? Mmoja yuko kwenye simu, mwingine anakoroma, wa tatu yuko jikoni eti "anaisikiliza". Izime sasa, aliyekuwa anakoroma ndiye wa kwanza kulalamika. Ukivaa raba utoke, unaulizwa lini umekuwa mwanariadha. Chakula nacho kimehamia sebuleni. Meza ya kulia ipo, imegeuka ya kurundikia nguo za kupiga pasi. Mtu anakula macho yakiwa kwenye skrini, sahani inakwisha hajui kala nini, anarudi kuongeza.

Na wale wa "mimi TV niliacha zamani", tulieni kwanza. Mmehamia kwenye simu, mnaangalia klipu hadi usiku wa manane, mmekaa vilevile, na shingo imepinda juu yake. Mwili haujui skrini ina inchi ngapi.

Nimeamua kutumia kile kipima muda cha TV, ijizime yenyewe saa tatu na nusu usiku. Ilipozimika nikalaumiwa mimi, na sasa wote wameshajua kukiondoa, hadi mdogo kuliko wote. Kwa hiyo swali langu: kuna TV ambayo kipima muda chake kinafungika kwa namba ya siri? Kama ipo, elekeza menyu gani, hatua kwa hatua. Wenye ushauri wa nidhamu pitieni nyuzi nyingine, huku mmeshasikika.