Tupeane uzoefu: chamcha, kiporo, futari, daku. Kwenu mlo huu mnauitaje, na unaandaliwaje?

Mwanzisha uzi
Wakuu, kamusi zinatupa "chamcha" kwa chakula cha mchana na "chajio" kwa chakula cha jioni. Ni maneno yaliyokatwa tu: cha-mcha(na), cha-jio(ni). Mafupi na mazuri, lakini ukimwambia mama lishe "naomba chamcha" atakuuliza unataka nini hasa. Mtaani mlo unaitwa kwa saa yake au kwa kilichomo sahanini. Tuyakusanye hapa majina yanayotumika kweli, na kila jina lije na maelezo yake: saa ngapi, kiasi gani, kinaharibikia wapi.

Mhariri wa Ratiba
Mlo wa asubuhi kwa maandishi ni kifungua kinywa, Kenya wanapenda kiamsha kinywa, na staftahi bado ipo kwa wanaotaka lugha ya heshima. Kwa mdomo ni chai. "Umekunywa chai?" maana yake umekula asubuhi, hata kama ulichokula ni uji na mihogo ya kuchemsha. Kwa hiyo kwenye barua ya semina usiandike "chai itatolewa" ukaishia hapo. Andika "chai ya saa 4 na vitafunio", la sivyo watu watatoka nyumbani hawajala wakitegemea supu na chapati.

Na saa jamani. Chakula cha mchana ni saa 7:00. Ratiba iliyotafsiriwa harakaharaka inasema "saa 1:00 mchana", saa ambayo Kiswahili hakina, na mpishi anabaki kubahatisha.

Sufuria Kubwa
Kibandani "na" haitajwi. Ni wali maharage, wali nyama, ugali samaki, chapati maharage. Neno la kwanza ni chakula, la pili ni mboga. Kwa Tanzania mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na wali au ugali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga. Zile za kijani ni mboga za majani. Mkenya akisikia mboga anawaza sukuma wiki, kwa hiyo kwa oda ya watu wa pande zote mbili sema kitoweo, au taja kitu chenyewe.

Vipimo: kilo 1 ya mchele hutoa sahani 6 hivi za watu wa kazi nzito, 8 hadi 10 za watu wa ofisini. Ukipiga hesabu ya ofisini ukapeleka kwa wajenzi, chakula kitaisha foleni ikiwa bado ndefu.

Bint Mvita
Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga kijiko 1, tui zito la vuguvugu kama kikombe 1 na robo. Tui litie kidogokidogo. Likiwa la moto linaua hamira na donge halitaumuka. Kanda dakika 10 hadi 15, funika mpaka liwe maradufu. Gawa madonge, sukuma unene wa nusu sentimita, kata kila duara vipande vinne, viache tena dakika 20. Kaanga kwa mafuta ya moto huku ukiyarushia juu ya hamri kwa kijiko. Hapo ndipo linapofura na kuacha uwazi ndani. Ukisukuma jembamba sana halifuri. Mafuta yakiwa hayajapata moto, linayanywa.

Mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, chemsha kwa maji matupu mpaka ziive kabisa, ndiyo utie tui jepesi. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, ukikoroga. Likichemka kwa nguvu linakatika.

Nesi wa Zamu
Naomba nikae kwenye kiporo, maana hapa watu wanaumia. Kiporo ni chakula kilicholala (mwiku ni neno la zamani la kitu hichohicho). Ugali uliolala ukate vipande, ukaange, unywe na chai. Hauna shida sana. Wali ndio wa kuogopa. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwenye kupika. Wali ukikaa sufuriani na joto lake, wanaota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukipasha moto. Harufu haitakuambia kila mara.

Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa 1 au 2, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu. Huna friji? Pika wa kuisha, hasa wa nazi, ambao huchacha mapema zaidi.

Mkaa Unguja
Kwenye Ramadhani msichanganye. Kufuturu ni kufungua saumu magharibi. Futari ni chakula chenyewe, na Tanzania bara neno limehamia kwenye magimbi, mihogo, viazi vitamu na ndizi za nazi, hata mwezi usiokuwa wa kufunga. Daku ni mlo wa usiku mkuu, kabla ya imsaki (wakati wa kuacha kula, kabla ya alfajiri).

Nesi wa Zamu
Asante Mkaa Unguja, hilo linagusa hata dawa. Bahasha ikiandikwa "kutwa mara 3 baada ya chakula", anayekula milo miwili anameza mara mbili. Muulize mgonjwa anakula saa ngapi, kisha mwandikie kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kwa aliyefunga, dawa ya mara 2 inakaa vizuri kwenye futari na daku. Ya mara 3 arudi kwa daktari aulize kama ipo ya mara 2, asiipunguze mwenyewe.