Mwanafunzi amepita, lakini shule haimtaki mwaka wa sita: ni haki?

Mama Katuba
Wazazi wenzangu wa L'shi, yaani Lubumbashi hapa Kongo, nawaletea jambo hili tulijadili waziwazi. Binti yangu anasoma sekisio (mchepuo) ya biokimia kwenye shule moja ya binafsi tangu alipoanza humanite, yaani sekondari ya juu. Mwaka huu amemaliza wa tano na 54%. Sote tunajua 50 ni kupita. Lakini chini ya biltini, ile ripoti ya alama, pale prefe, mkuu wa shule, anapotia sahihi, kumeandikwa kwa biki nyekundu: "Amepita. Aandikishwe kwingine."

Nimeenda kuuliza. Nimeambiwa kuingia kwa mafinalisti, darasa la mwisho la sita, ni 60%, ni kanuni ya ndani. Kanuni hiyo hawakunionyesha hata siku moja nilipokuwa nalipa minervali, karo ya shule. Na juu ya lango wametundika banderole, kitambaa cha tangazo: 100% kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Basi nauliza: serikali ikataze shule kumtoa mtoto aliyepita, mwaka mmoja tu kabla ya mtihani wa taifa, au iache kila mwenye shule afanye apendavyo?

Mzee wa Golf
Pole, mama. Lakini shule ya binafsi inaishi kwa minervali, si kwa mshahara wa Kinshasa. Mzazi wa mtoto mwenye 75% naye amelipa, na anataka darasa linalokwenda mbele. Tena tuseme ukweli ambao watu wanaufunika: wengi wanaoanguka ni wale wanaoongea Kiswahili cha mitaa ya Katuba tangu wanapoamka mpaka wanapolala. Disertasio, ile insha ya mtihani, ni kwa Kifaransa. Mtoto asiyefikiri kwa Kifaransa ataianzia wapi?

Mwana wa Katuba
Mzee, shikamoo, lakini Katuba umeitaja wewe, mimi sikukuita. Nimezaliwa Katuba, nimesoma Katuba, diploma ya serikali, ile ya Exetat, ninayo, na UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, nimemaliza. Unajua nilielewaje mole kwenye kemia? Mwalimu alitusomea maana yake kwa Kifaransa mara nyingi, darasa zima likakaa kimya. Ndipo akauliza kwa Kiswahili: "Mama yako akienda sokoni kununua unga, anahesabu chembe?" Tukacheka, hapana, ananunua meka, kopo la kupimia. Akasema, basi mole ni meka ya atomu. Mpaka leo sijaisahau. Kiswahili hicho unachokitupa ndicho kilichonipitisha kemia.

Mama Biashara
Turudini kwa mama. Tuseme wa tano wako 30, shule ikabakiza 18, wote 18 wakapata diploma. Banderole itasema 100%. Wale 12 wamehesabiwa wapi? Shule ipimwe kwa watoto iliowapokea, si kwa waliobaki baada ya mchujo.

Mzee wa Golf
Mwana wa Katuba, mole kwa meka ni nzuri darasani. Kwenye karatasi ya Exetat hakuna meka. Na usinipake kwamba nadharau watu. Mama yangu aliuza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na jioni alikuwa anatukataza Kiswahili nyumbani ili tusome. Leo watoto wake wote wana kazi.

Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha miaka mingi, niruhusuni. Mzee wa Golf anasema kama vile Kiswahili kiliingia mji huu kupitia dirishani. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa 1906, mji ukaanzishwa 1910, na wafanyakazi wakaletwa kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka upande wa Zambia ya leo. Waliongea nini pamoja chini ya mgodi? Kifaransa kilikuwa cha ofisini kwa mzungu. Na kabla yao, Bunkeya kwa mfalme Msiri, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshafika na Kiswahili chao katika karne ya 19.

Nami nimevaa symbole. Ninyi vijana hamkuiona: kibao kilichofungwa kamba, unavikwa shingoni ukisikika unaongea Kiswahili, halafu unamvizia mwenzako ateleze ili umvike yeye. Atakayekutwa nacho jioni anafagia uwanja mzima au anachapwa. Tulijifunza kupelelezana. Wengine walichagua kunyamaza kutwa nzima. Mtoto anayenyamaza tangu asubuhi hadi jioni, Kifaransa chake kitakua kwa njia gani?

Papa wa Kampemba
Walimu wa zamani walichapa na watu walifaulu. Leo hamchapi na watoto wanasubiri majibu kwenye simu.

Mwalimu Mstaafu
Walifaulu kwa sababu vitabu vilikuwepo. Papa, usiusifie mti ulioniacha na alama mgongoni.

Finalisti
Wakubwa, shikamooni. Mimi niko humohumo mnamozungumzia, ingawa kwa hesabu mpya tunaitwa wa nne wa humanite, maana la saba na la nane zimehamia elimu ya msingi. Nyumbani bado wanasema wa sita.

Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Masomo yakiisha tunabaki kwenye etidi, kujisomea shuleni, mpaka jioni, tunafanya iteme, maswali ya mtihani, za miaka iliyopita, moja baada ya nyingine. Umeme ukikatika tunawasha tochi ya simu moja, watu sita juu ya karatasi moja, na anayeshika simu ndiye asiyeweza kuandika. Exetat yenyewe ni siku 4: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya sekisio. Kabla yake kuna disertasio na mitihani ya mdomo.

Rafiki yangu wa benchi alitolewa mwaka jana kama binti wa mama huyu. Alikuwa ndiye anayenieleza fizikia, mimi namsaidia Kifaransa. Sasa ameandikishwa mahali ambapo jina lake liko kwenye orodha na mwalimu wa kemia hayupo. Anakuja kwetu jioni kunakili daftari langu. Hakuna aliyetuuliza sisi tuliobaki kama kuondoka kwake kumetusaidia. Hakukutusaidia.

Papa wa Kampemba
Binti, biokimia si ya kila mtu. Huyo rafiki na huyo wa 54% wangepelekwa pedagojia, sekisio ya ualimu, mapema, leo tusingekuwa na mjadala huu.

Mwalimu wa Ruashi
Nimekuwa nasoma kimya, lakini hapa siwezi. Pedagojia si jaa la wanaokataliwa na biokimia! Mimi nimetoka pedagojia kwa hiari yangu. Ninyi mnawatuma waliochoka kufundisha watoto wenu kusoma, halafu wakifika humanite hawajui kusoma, mnashangaa. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa bure, nimekuwa na darasa ambalo watoto wanakaa mpaka chini ya ubao. Njooni mfundishe kwa siku moja, kisha mtaje pedagojia.

Papa wa Kampemba
Sikukutukana, mwalimu. Nilisema kila mtu na kipaji chake.

Mwalimu wa Ruashi
Ulisema "wangepelekwa". Anayepelekwa si mwenye kipaji. Soma ulichoandika.

Mama Biashara
Jamani, bure ni ya msingi tu. Ibara ya 43 ya katiba inasema msingi katika shule za serikali. Humanite bado tunalipa, kwa binafsi na kwa serikali, na ile prima ya walimu, ya kuongezea mshahara wao, tunayoilipa tangu miaka ya 90 haijatutoka. Ndiyo maana shule zina nguvu juu yetu. Ukilipa wewe, uondolewe mtoto wewe, ulalamike kwa nani?

Mzee wa Golf
Mwalimu Mstaafu, nimesoma historia yako yote. Nakuheshimu, mkubwa wangu. Lakini Union Minière haisahihishi disertasio. Kama Kiswahili kinatosha, kwa nini wewe mwenyewe ulifundisha kwa Kifaransa?

Mwalimu Mstaafu
Kwa sababu niliagizwa. Na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitaja lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Katiba, ibara ya kwanza kabisa, inazitaja nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Si mimi niliyeviandika. Waulize wanaoviandika kwa nini shule zinaendelea kama vile havipo.

Mzee wa Golf
Basi iandikwe disertasio kwa Kiswahili, tuone nani atasahihisha na UNILU itampokea nani.

Mwana wa Katuba
Wasahihishaji wapo. Lubumbashi ilikuwa na kituo cha isimu, CELTA, tangu enzi za UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaire, na watu wamechunguza Kiswahili chetu hapa hapa miaka yote hiyo. Unachokosa si wasahihishaji, mzee. Unaona haya wakikusikia ofisini. Mama yako aliyeuza unga Kenya alikulea kwa lugha gani, kabla ya kukukataza?

Mzee wa Golf
Mama yangu mwache alipo. Ukimrudia hapa, sisi wawili tumemalizana.

Mama Katuba
Nimesoma yote. Mzee wa Golf, binti yangu ana 68 kwenye Kifaransa. Kilichomshusha ni fizikia, na mwalimu wa fizikia alibadilishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Hilo hamkuniuliza.

Nimemuuliza pia mtu anayeelewa mambo haya kama anaweza kujiandikisha kama otodidakti, yaani anayejisomea bila shule. Ameniambia hao wanapita kwanza mtihani wa awali kabla ya kukubaliwa Exetat. Kwa nini apitie mlango huo wakati amesoma darasani miaka yote na amepita kila mwaka?

Jumatatu napeleka barua kwa inspekta wa elimu, nimeambatanisha kopi ya biltini, sentensi ile nyekundu nimeizungushia duara. Mwenye biltini ya namna hiyo, ya shule yoyote, anipatie kopi kabla ya Jumapili jioni. Barua ya mzazi mmoja itawekwa chini ya mafaili. Tukiwa kumi wataisoma.

Mwalimu wa Ruashi
Mama, ninazo mbili za watoto wa jirani. Nitazileta kesho baada ya misa.