Igizo lilinoga, somo halikukaa: naomba ushauri wenu

Mleta uzi

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Ninafundisha Sayansi wanafunzi wa miaka 12 hadi 14. Wiki tatu zilizopita niliamua kufundisha mzunguko wa damu kwa igizo badala ya mchoro wa ubaoni. Tulisogeza madawati ukutani, nikachora sakafuni kwa chaki moyo mkubwa wenye vyumba vinne, mapafu upande mmoja na mwili upande wa pili. Wanafunzi wanane walikuwa vali, yaani milango ya moyo inayozuia damu kurudi nyuma, wakifungua na kufunga mikono; waliobaki walikuwa chembe nyekundu za damu, wakibeba kadi nyekundu za oksijeni wakitoka mapafuni na kadi za buluu za kabonidayoksaidi wakirudi. Sijapata kuliona darasa langu likichangamka kiasi kile.

Siku mbili baadaye niliwapa jaribio fupi. Zaidi ya nusu yao walichora damu ikitoka mapafuni na kwenda mwilini moja kwa moja, bila kurudi kwenye moyo. Mmoja wa waliokuwa vali alieleza kazi ya vali kwa ufasaha wa kupendeza, lakini sehemu iliyobaki ya karatasi yake ilikuwa tupu.

Bado ninaamini kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa mwili wake wote, ndiyo maana matokeo haya yameniuma. Naomba mnieleze nilipokosea. Aidha, wapo wanafunzi watatu au wanne ambao hawataki kabisa kusimama mbele ya wenzao, je, niwalazimishe?

Mwalimu wa Hisabati

Mwalimu, hongera kwa kuthubutu, na pole kwa matokeo. Kwa maelezo yako, kila mtoto alijifunza nafasi yake tu. Aliyesimama kama vali dakika zote 40 aliona wenzake wakipita, lakini safari yenyewe hakuisafiri.

Mimi hutumia mwendo kufundisha namba hasi, na nimejiwekea sharti kwamba hakuna atakayeketi kabla hajatembea mwenyewe. Ninachora mstari wa namba sakafuni, kuanzia hasi 10 hadi 10. Alama ya kujumlisha humtaka mwanafunzi aelekee upande wa namba chanya, na ya kutoa humtaka ageukie upande wa hasi. Namba yenyewe ikiwa chanya anakwenda mbele, ikiwa hasi anarudi kinyumenyume. Chukua 3 kutoa hasi 2: anasimama kwenye 3, anageukia upande wa hasi, anarudi kinyumenyume hatua mbili, kisha anatazama chini na kujikuta kwenye 5. Hapo ninamwomba abaki alipo na aeleze kwa maneno yake kwa nini jibu limekuwa kubwa kuliko namba aliyoanzia. Bila maelezo hayo, aliyoyafanya yanabaki miguuni. Baada ya kueleza ndipo anarudi kwenye daftari na kuandika hesabu ileile kwa alama.

Mwalimu wa Biolojia

Naongeza jambo moja ambalo naona limepita kimya. Kadi za buluu zitakuletea taabu. Watoto wengi huamini kwamba damu isiyo na oksijeni nyingi ina rangi ya buluu, ilhali ni nyekundu iliyokoza. Tena kabonidayoksaidi nyingi husafiri ikiwa imegeuzwa kuwa bikaboneti ndani ya utegili, yaani majimaji ya damu, haibebwi na chembe nyekundu kama mzigo wa kichwani. Si lazima uwafundishe yote hayo katika umri huo, lakini usiwape picha ambayo mwalimu wa darasa la mbele atalazimika kuifuta. Mimi mwisho wa kila igizo huuliza: ni kitu gani katika mchezo wetu hakifanani na hali halisi? Swali hilo limewahi kuniokoa tulipoigiza chembe za gesi, kwani baadhi ya wanafunzi walikuwa wametanua mikono wakidhani chembe zenyewe hunenepa zinapopashwa joto, wakati kinachoongezeka ni mwendo wa chembe na nafasi iliyopo kati yake.

Mwalimu wa Historia

Kuhusu wanaoona haya, usiwalazimishe, lakini usiwaache kando pia. Katika umri huo mwili unabadilika kila mwezi, na mtoto hapendi kutazamwa. Jaribu picha tuli: kikundi cha watu wanne au watano wanajipanga na kuganda bila kusema neno, huku vikundi vyote vikifanya kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna watazamaji.

Njia nyingine ni mwalimu mwenyewe kuingia katika uhusika, jambo ambalo Dorothy Heathcote, mwalimu wa maigizo wa Uingereza (1926–2011), alilifanyia kazi kwa miaka mingi. Nilipofundisha Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 niliingia kama mjumbe wa dola mojawapo, nikatandika ramani mezani na kuanza kupiga mistari. Wanafunzi walikuwa makarani wangu. Baada ya muda mmoja wao aliuliza wenye nchi wameketi wapi, na hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Hata hivyo, siwaigizishi watoto mateso, kama vile ya biashara ya watumwa. Mambo hayo tunayasoma kwa utulivu na heshima.

Mwalimu mstaafu

Wanangu, mimi nitasema tofauti kidogo. Igizo linakula muda, na si kila mada inalistahili. Mada yenye safari, mabadiliko au mgongano wa watu inafaa. Mada ya kukariri majina inamalizika kwa kadi na marudio. Mwalimu, kabla ya kusogeza madawati, andika sentensi moja unayotaka kila mtoto aweze kuisema mwishoni. Ikiwa igizo halimfikishi kwenye sentensi hiyo, liache.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu wetu, na wengine wote nawashukuru sana. Nimerudia somo jana. Sentensi yangu ilikuwa kwamba damu hupita moyoni mara mbili katika kila mzunguko. Kadi za buluu nimeziondoa. Safari hii kila mwanafunzi alitembea njia nzima akitaja kila anapoingia (auriko ni chumba cha juu cha moyo, ventriko cha chini): auriko ya kulia, ventriko ya kulia, mapafu, auriko ya kushoto, ventriko ya kushoto, mwili. Niliwaambia kwamba chembe halisi, mtu akiwa amepumzika, humaliza safari hiyo kwa takriban dakika moja, wakashangaa.

Msichana mmoja ambaye mara ya kwanza alikataa kuinuka alitembea pamoja na kikundi chake, kisha akasimama ghafla kwenye auriko ya kushoto na kuuliza, "Mwalimu, nimetoka moyoni sasa hivi, mbona nimerudishwa?" Sikumjibu. Niliwaomba wenzake wagande walipo, nikamwachia swali lake kila aliyekuwa karibu naye, na mabishano yakaanza. Jaribio nitawapa Alhamisi, nami nitawaletea hapa nitakachokikuta kwenye michoro yao.