Old Yeller: steringi anakufa kwenye muvi ya watoto, hii imekaaje?

Baba_wawili

Wakuu salaam. Juzi usiku nimejitafutia matatizo nikawawekea wanangu ile muvi ya zamani ya Disney, Old Yeller ya mwaka 1957, ya kikauboi ila ya kifamilia, kuna mbwa wa njano na watoto wawili wanaishi shambani Texas na mama yao. Nikaona Disney, nikaona mbwa, dakika 83 tu, nikasema hapa nipo salama. Na sisi si tumekua tunajua steringi hafi, hata akipigwa risasi za kutosha atadondoka, atakohoa, ataamka.

Basi sijui mniambie wenyewe. Mbwa kapigana na dubu, kapigana na nguruwe pori mpaka kachanwa vibaya, anapona, sisi tunapiga makofi, halafu anakuja kupata kichaa cha mbwa na yule yule dogo anayempenda ndo anachukua bunduki kummaliza. Wa kwangu mdogo ana miaka sita alikuwa kaukumbatia mto, kaniangalia kaniuliza "baba, sasa ataamka saa ngapi?" Mkubwa wa miaka kumi hakusema kitu, kaenda zake chumbani. Mama yao tangu juzi ananijibu kwa "mmh" tu.

Mwenyewe nimebaki katikati. Kuna sehemu imenishika koo kweli na kuna sehemu nilikuwa nachungulia simu. Mlioiona mnaionaje? Na mtoto aanze kuiangalia akiwa na umri gani?

mkanda_umekwama

Pole mkuu ila nimecheka, karibu chamani. Na ujue waliitoa tarehe 25 Desemba, yani watu wametoka na watoto wao siku ya Krismasi wameenda kulizwa.

Mimi niko upande wa muvi. Wanaosema inatesa watoto bure nadhani hawakuangalia inavyojengwa. Kile kifo hakikushushwa kutoka angani. Kumbuka Burn Sanderson, yule kauboi mwenye mbwa, anakuja kumdai mbwa wake, anamkuta Arliss, yule mtoto mdogo, analia na kurusha mawe, anamhurumia, anakubali kubadilishana mbwa na mjusi wa yule mtoto pamoja na mlo wa kupikiwa nyumbani. Kila mtu anacheka. Halafu kabla hajaondoka anamvuta Travis, yule mkubwa, pembeni, anamwambia huko nje wanyama wanapata kichaa, fumbua macho. Anamwambia mtoto peke yake kwa sababu baba hayupo, kaenda kuswaga ng'ombe mpaka Kansas. Pale pale muvi imeshakuambia itakapoishia, sema sisi tulikuwa bado tunacheka na mjusi.

Baadaye anaugua ng'ombe wao Rose. Baadaye mbwa mwitu mwenye kichaa anamvamia mama, Yeller anaingia katikati. Hapo ndo ameng'atwa, kwa kumwokoa mtu. Sasa ulitaka waandike nini, aamke?

sina_muda_na_machozi

Mimi naomba nipingane na mkuu hapo juu kwa heshima zote. Hiyo dakika kumi ya mwisho ni nzuri, sikatai, ila kuifikia ni kama kusubiri maji ya bomba. Arliss anapiga kelele muvi nzima, mtoto akifunua mdomo nashusha sauti. Yule jirani Searcy kazi yake kula na kupiga stori, akitokea mara ya kwanza unacheka, mara ya tatu unataka umtoe mwenyewe. Fess Parker, anayeigiza baba, ambaye wakati ule alikuwa moto kweli kwa sababu ya kuigiza Davy Crockett kwenye TV ya Disney, anaondoka mwanzo tu na kurudi mwishoni. Na hiyo Texas yenyewe wamepigia California, Golden Oak Ranch.

Ila kilichonikera zaidi ni mwisho. Baba anarudi kazi yote imeshaisha, hajaona damu wala chozi, anamkalisha mtoto chini anampa mawaidha ya maisha, mawili matatu, dogo anaanza kulainika, halafu kuna kitoto cha Yeller kinaletwa na tunatakiwa tufurahi. Jamani, hata matanga hayajaanuliwa! Nilipokuwa mdogo mbwa wetu alipokufa nilisusa miezi, hakuna kitoto cha mbwa kingenibadilisha kwa jioni moja.

Halafu zile vita za wanyama, mimi siziangalii kwa raha. Muvi za miaka ile ukiona dubu na mbwa wanavaana huna kompyuta ya kuisingizia.

mkanda_umekwama

Kuhusu mawaidha ya baba nakubali nusu. Ila umeruka kitu, Travis kile kitoto alishaletewa mapema akakikataa katakata. Hakukipokea kirahisi hivyo.

Na mama mbona hamumsemi? Dorothy McGuire kabeba muvi yote ile bila kupaza sauti. Anatoka na bunduki yeye mwenyewe ili mwanae asifanye ile kazi, na mtoto ndo anamwambia mbwa ni wangu, nitafanya mimi. Angalia uso wake anapoiachia ile bunduki.

daktari_wa_mbuzi

Nafanya kazi na mifugo kwa hiyo niingie kwa upande wangu. Kwa mambo ya kichaa muvi hii inajitahidi kuliko nyingi za leo. Hadithi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1860, chanjo ya kichaa ya Pasteur, yule mwanasayansi Mfaransa, kwa mtu imekuja 1885, kwa hiyo ile familia haikuwa na kitu chochote mkononi, ni kusubiri na kuomba. Ile ya kumfungia Yeller kwenye banda la mahindi ina mantiki kabisa, kwa sababu mnyama akishang'atwa dalili hazitoki kesho, virusi vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka vifike kwenye ubongo, inaweza kuchukua wiki au miezi. Na dalili zikishatoka hakuna wa kumrudisha, mbwa wala binadamu, wanaopona ni wa kuhesabu.

Ng'ombe pia anapata, Rose hawakumtungia.

Ndo maana ile sehemu ya banda inanitoa jasho mpaka leo. Siku zinaenda, Travis analeta chakula, mbwa anatikisa mkia, wewe unaanza kuamini. Halafu siku hiyo anaenda na chakula kama kawaida na anaitikiwa kwa mngurumo, meno yanaonekana kwenye upenyo wa mbao. Na Arliss haelewi, nusura afungue mlango. Kama una watoto nyumbani waambie hapo hapo: mking'atwa na mbwa msifiche, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo.

kurasa_zimechanika

Niongeze kidogo tu, nimesoma kitabu cha Fred Gipson cha 1956. Kwenye kitabu hakuna kusubiri bandani, vita na mbwa mwitu ikiisha tu Travis anampiga mbwa usiku ule ule. Kule kukaa siku na siku ukitumaini ni kwa muvi, na Gipson mwenyewe alishiriki kuandika skripti, kwa hiyo tusiwasingizie Disney peke yao. Mimi naona muvi ina ukatili zaidi kuliko kitabu, na kwa hilo naipa maksi zaidi, haya nipigeni mawe.

Umri: miaka sita mapema mno mkuu. Kumi sawa, ila ukae naye, na Rose akianza kuyumba simamisha kwanza, mwambie kinachokuja. Ukingoja mpaka bandani umechelewa.

Mama_Spoila

Baba_wawili mwambie mdogo mbwa yupo! Aliyeigiza anaitwa Spike, alitolewa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, akafundishwa na Frank Weatherwax, na baada ya hii akaendelea na kazi. Mwaka 1960 yupo kwenye muvi nyingine, A Dog of Flanders. Mtafutie picha umwonyeshe ni yule yule.

Baba_wawili

Asanteni wote, nimesoma mpaka mwisho. sina_muda umenisemea kuhusu Searcy, ila ya mama kuiachia bunduki nimeenda kuirudia peke yangu usiku na mkanda_umekwama ana haki yake.

Mkubwa katoka chumbani leo, swali lake lilikuwa moja, kwa nini baba wa Travis alienda mbali vile. Nikamweleza vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani viliisha 1865, Texas walikuwa upande ulioshindwa, noti za upande wao zikawa karatasi tu, ng'ombe walikuwa wengi na hela hakuna, soko liko kaskazini. Kanisikiliza, kasema "angewahi kurudi basi."

Mdogo nimemwonyesha picha za Spike kwenye muvi ile nyingine. Kaishika simu muda mrefu, kaikuza kwa vidole mpaka masikio, karidhika kwamba ni yeye. Halafu kaniuliza, "na humu hafi?"

Nimemwambia ngoja kwanza niiangalie mimi.